Wali wa rangi na zabibu kavu: majibu ya maswali yenu

Nikipika wali wa mboga unatoka bokoboko. Mchele ni mpya, nimeletewa kutoka Magu. Nakosea wapi? (Mama, Nyakato)

Mama, mchele mpya haunywi maji mengi kama wa zamani. Wa zamani mimi huupa vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Huo wako anza na kimoja na nusu. Kumbuka mboga nazo zina maji yake. Kaanga kitunguu, karoti na njegere mpaka maji yakauke na usikie mafuta yanachachatika, ndipo utie mchele uliokwisha kuchujwa. Geuza hadi punje zing'ae, weka chumvi na maji ya moto. Yakikaribia kukauka, funika, punguza moto wa chini, makaa mengine palia juu ya mfuniko. Kuanzia hapo mwiko uweke mbali kabisa! Punje zikikatika ndipo wali unaposhikana.

Hoho zangu nyekundu na za kijani zinapauka. (Igoma)

Unazitia mapema. Zikate ndogo kama punje ya hindi, zitawanye juu ya wali dakika tano kabla ya kuepua. Mvuke unazitosha.

Zabibu kavu zinaungua, zinakuwa chungu. Na nikizikosa dukani? (Sengerema)

Sukari yake ndiyo inayoungulia chini ya sufuria. Zioshe, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Zikinona zichuje, zitie pamoja na hoho. Ukizikosa, tende inafaa sana: toa kokwa, katakata, wala usiiloweke.

Manjano inaacha madoa. (Buhongwa)

Itie kwenye mafuta kabla ya mchele, sio juu ya maji. Nusu kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya mchele.

Baba watoto anasema wali wenye utamu haupandi na samaki. Nifanyeje, dada? (Kirumba)

Unaishi jirani na mwalo, mdogo wangu, usikate tamaa. Mpe sato wa kukaanga, mkavu, aliyechanjwa mbavuni na kupakwa chumvi, kitunguu saumu na limau. Ule uchachu wa limau ukikutana na zabibu, utamu unatulia. Sangara wa mchuzi mzito mwache kwa ugali, maana mchuzi utazifunika rangi zote ulizohangaikia. Na mara ya kwanza weka zabibu kiganja kimoja tu, akizoea, ongeza.