Duka dogo nalo lina haki ya kuwa na wakili wake

Hapa Tanga ukimwuliza mwenye duka dogo kama ana wakili, atakujibu, "Kwani nina kesi gani?" Wakili tumemzoea mtu akikamatwa, au karatasi ikitakiwa kugongwa muhuri. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Ngamiani. Nina fremu ya kupanga, vijana wa dukani na kirikuu ya kupelekea wateja mizigo. Kesi mahakamani sina, na wakili ninaye, na faida yake naiona waziwazi.

Nianze na fremu, maana huko ndiko wengi wetu tunakoumia. Mikataba mingi ya pango ni karatasi moja iliyochapwa steshenari: majina, kiasi cha kodi, sahihi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri, kwisha. Karatasi hiyo haisemi kodi itapanda lini na kwa kiasi gani. Haisemi notisi ya kuhama ni ya muda gani, rafu na grili ulizofunga kwa fedha yako ni za nani, wala mpangaji atakuwa mgeni wa nani nyumba ikiuzwa. Wakili wangu aliyaandika hayo yote kwa Kiswahili chepesi, mwenye nyumba akasomewa, tukatia sahihi. Kisha akasimamia ushuru wa stempu ulipwe. Wengi huupuuza ushuru huo, lakini mkataba usiolipiwa stempu mahakama haiupokei kuwa ushahidi mpaka ushuru wenyewe na faini yake vilipwe.

Mzee mwenye nyumba akafariki. Hata arobaini haijafika, mwanawe akaja dukani: "Mama, kodi ya safari hii nipe mimi, ndiye mkubwa." Baada ya siku chache akaja mdogo wake na maneno yale yale. Wote nawajua, wote vijana wa heshima, na kila mmoja aliamini ana haki. Ungefanya nini? Ukimpa mmoja umegombana na mwenzake, ukiwanyima wote unaonekana umechukua fursa ya msiba.

Nilimpigia wakili. Hakuhitaji kuelezwa kirefu, kwa sababu nakala ya mkataba iko kwenye jalada lake. Aliniambia kodi ya nyumba ya marehemu hupokelewa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na niione hati ya uteuzi kwa macho yangu kabla fedha haijatoka. Nikimlipa mrithi ambaye si msimamizi, msimamizi akija anaweza kunidai kodi ile ile upya. Akaiandikia familia barua fupi yenye pole mwanzoni, ikieleza kwamba kodi ipo na inamsubiri msimamizi. Wale ndugu hawakukasirika. Nadhani barua iliwapunguzia hata wao mvutano. Walikwenda mahakamani, msimamizi akapatikana, nikalipa nikapewa risiti. Nyumba ilipopata mnunuzi, alikuta kipindi changu kimeandikwa, akakiheshimu.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu watazame. Wakili unayemtafuta siku ya moto anaanza kwa kukuuliza wewe ni nani. Wakili wako anaanza na jibu.

Jambo la pili ni mali kauli. Katika biashara ya saruji na nondo huwezi kuikwepa. Fundi anachukua leo, analipa siku tajiri yake atakapomlipa. Daftari la madeni tunalo sote. Wakili alinitengenezea hati ya deni ya ukurasa mmoja: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, mali iliyochukuliwa, kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi na shahidi. Alinieleza pia kwamba deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, na kwamba mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kulitia sahihi kabla muda huo haujakwisha, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo anayeomba kuongezewa muda namwongezea kwa moyo mmoja, ila kwa maandishi.

Kuhusu wafanyakazi, kwa kifupi tu: usimfukuze mtu kwa hasira. Mpe tuhuma kwa maandishi, msikilize, weka kumbukumbu. Anayeona kaachishwa isivyo haki ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utaulizwa sababu na utaratibu, vyote viwili. Na mkopo, hasa huu wa riba kubwa tunaouita kausha damu, usitie sahihi kabla wakili wako hajausoma. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako.

Gharama? Mimi sikumwajiri; tumekubaliana kwa maandishi ada ya kila kazi, na maswali ya simu yamo ndani ya mapatano hayo. Ukilinganisha na kodi ya fremu kulipwa mara mbili, ni kidogo sana.

Jihadhari na vishoka wanaozungukazunguka na mihuri. Wakili halali huhuisha leseni yake kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Pia usimfanye wakili wa mwenye nyumba kuwa wako, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Yule anamtumikia aliyemwita. Wa kwako atatunza siri zako, na sheria inamtaka azitunze.

Siku ya kwanza nenda na mkataba wa pango, cheti cha usajili cha BRELA, TIN, leseni ya biashara na karatasi zote za madeni, unayodai na unayodaiwa. Swali la kwanza muulize hili: biashara ikishindwa kulipa, nyumba yangu iko salama? Ukiwa umesajili jina la biashara tu, deni la duka ni deni lako mwenyewe. Ukiwa na kampuni, deni ni la kampuni, isipokuwa pale ulipojitia mdhamini, na kwa hiyo mpe asome kila dhamana uliyowahi kuisaini.