Wasomaji Wanauliza: Kahawa ya Chumbani Melini

Barua za safu hii zimekuja kwa wingi tangu tuandike kuhusu safari za meli kubwa za kitalii, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: kahawa ya melini, hasa ile ya saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajavaa viatu. Tumechagua saba.

*Wahariri, salaam. Mwezi wa nane tunapanda meli Southampton, mimi na mama mkwe, ambaye bila kahawa ya alfajiri hana amani. Naweza kubeba birika langu la umeme? Ni dogo, nusu lita tu. — Msomaji, Leicester*

Hapana, na udogo wake hautakusaidia. Kinachokatazwa ni waya wa kuchemshia ulio ndani yake. Chochote chenye waya huo kinaingia kundi moja: birika, hita ya kuchovya kwenye kikombe, mashine ya kahawa, pasi, hata kikombe cha safari kinachojipasha moto kwa betri. Orodha ya marufuku ya kampuni ya meli ya Royal Caribbean inataja mashine za kahawa waziwazi, na kampuni nyingine nazo zinakataa vitu vya aina hiyo. Mzigo unapita kwenye eksirei gatini. Kikionekana, kinawekwa kando na utakichukua siku ya kushuka. Moto baharini hauna pa kukimbilia, kwa hiyo usipoteze muda kubishana na mlinzi.

Lakini wewe una bahati ya bandari. P&O Cruises na Cunard, zinazouza zaidi kwa Waingereza, huweka birika na vikombe chumbani kama hoteli za kwao. Kama tiketi yako ni ya mojawapo, acha birika nyumbani ubebe kahawa na chujio. Kama ni ya kampuni nyingine, piga simu ya wakala uulize hivi: "Chumba cha daraja langu kina birika?" Usiulize tu kama meli inazo, kwa sababu melini vyumba vya juu na vya chini havipewi vitu sawa.

Na ekstensheni yenye kinga ya umeme kupanda na kushuka pia iache. Nyumbani waya mmoja wa umeme umefungwa ardhini. Kwenye meli nyingi hakuna waya uliofungwa hivyo kwenye bodi ya chuma, na kinga ile, iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani, inaweza kupata joto hadi kuwaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2013.

*Meli yetu ya Galveston haina birika chumbani. Nina AeroPress, kile chombo cha plastiki cha kusukumia kahawa kwa pistoni kupitia karatasi, na kahawa nzuri ya Kilimanjaro, lakini kwa maji ya moto ya bafe inatoka chachu na nyepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Nakosea wapi? — Msomaji, Houston*

Kosa liko kwenye maji, kahawa yako haina hatia. Ndani ya kahawa vitu vinayeyuka kwa zamu: uchachu hutoka mapema, utamu hufuata, uchungu huja mwisho. Maji yakiwa ya uvuguvugu zamu inakatikia kwenye uchachu. Wengi wanapika kwa nyuzi 90 hadi 96. Bomba la maji ya chai kwenye bafe mara nyingi liko chini ya hapo, kisha wewe unayabeba kwenye kikombe cha karatasi, unasubiri lifti, unashuka madaraja manane. Ukifika chumbani umebaki na maji ya kuoshea miguu.

Anza na chanzo. Nenda kwenye baa ya kahawa yenye mashine ya espresso. Boila yake ya mvuke inakaa juu ya nyuzi 100 kwa sababu ya shinikizo, na bomba lake la maji ya moto linachota humo humo. Beba chupa ya chai ya chuma ya nusu lita. Mwombe mhudumu aijaze kwa kutumia jagi lake. Usiisogeze chupa yako kwenye bomba mwenyewe. Meli zinaogopa virusi vya kuharisha kuliko zinavyoogopa wimbi, na mdomo wa chupa uliogusa bomba ndiyo njia yake. Kwanza mwombe maji kidogo ya kusuuzia, funga, tikisa, mwaga, ndipo ajaze mpaka shingoni. Chupa baridi inanyang'anya nyuzi kadhaa kabla hujapiga hatua, na chupa iliyojaa nusu inapoa upesi kuliko iliyojaa.

AeroPress ni chaguo zuri hapa. Alan Adler, aliyeibuni na kuitoa sokoni mwaka 2005, alipendekeza maji ya takriban nyuzi 80 tu. Inavumilia maji ambayo chujio la koni la kumiminia lingeyakataa. Ila lazima ufidie ubaridi kwa mambo mawili: saga laini zaidi na subiri zaidi.

Kahawa gramu 16, yaani vijiko vitatu vya mezani vilivyopigwa juu kwa kisu. Usagaji uwe kama chumvi ya mezani. Weka karatasi kwenye kifuniko, isuuze kwa maji ya moto, funga, simamisha juu ya kikombe kizito kilichopashwa moto. Chini ya kikombe tandika taulo dogo lililoloweshwa na kukamuliwa, maana meza ya kabini ni laini na meli hainyamazi. Mimina maji mpaka nusu, koroga mara kumi, ongeza mpaka ufike mililita 200. Ingiza pistoni sentimita moja tu, halafu ivute juu kidogo. Hewa inashikilia maji yasidondoke. Subiri dakika mbili na nusu. Toa pistoni, koroga mara tatu, irudishe, kisha sukuma polepole kwa nusu dakika. Ukisikia sauti ya "sss", acha. Kinachobaki ni uchungu mkavu.

Kuna watu wanaopenda kugeuza chombo hicho kichwa chini ili kisivuje. Nyumbani, sawa. Melini usijaribu. Wimbi moja la pembeni na maji ya nyuzi 85 yako kwenye mapaja.

Ikitoka bado chachu, saga laini zaidi kabla ya kuongeza muda. Pistoni ikigoma, umesaga laini kupita kiasi. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, punguza muda kwa nusu dakika. Na kama kahawa yako imekaangwa kidogo sana, ile ya rangi ya mdalasini, hapa itakusumbua: punje hizo ni ngumu na zinataka maji yanayokaribia kuchemka. Kwa safari nunua iliyokaangwa wastani au zaidi kidogo.

*Kahawa ya melini ina ladha ya bwawa la kuogelea. Ni maji? — Msomaji, Mombasa*

Sehemu yake, ndiyo. Meli hutengeneza maji kutoka bahari kwa kuyavukiza, au kwa kuyasukuma kwenye utando mwembamba sana. Yanatoka matupu, hayana madini, ndipo yanaongezewa madini na klorini. Kwa meli zinazofika bandari za Marekani, klorini kwenye mabomba haitakiwi kushuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita wala kuzidi 5. Ni salama, lakini pua inaijua.

Maji yaliyochemka yamepoteza sehemu kubwa ya harufu hiyo, ndiyo sababu nyingine ya kuyatoa kwenye mashine ya espresso badala ya bomba la bafuni. Kinachobaki ni umatupu: bila magnesiamu na kalsiamu ya kutosha, kahawa inatoka bapa hata ukizidisha dozi. Watu wa kahawa hulenga takriban miligramu 150 za madini kwa lita. Dawa rahisi ni kuchanganya theluthi moja ya maji ya chupa yenye madini, lakini hiyo tumia kwenye kahawa ya baridi tu. Ukiyamimina kwenye maji ya moto unayapoza, na umerudi kwa jirani yetu wa Houston.

*Assalaam alaykum. Tunapanda meli Dubai msimu wa baridi. Wazee wanataka kahawa tungu yenye iliki, siyo hii ya mashine. Inawezekana bila jiko? — Msomaji, Muscat*

Waalaykumu salaam. Inawezekana, ila tusidanganyane: kahawa tungu ni kuchemka, na dele juu ya makaa hakuna chombo cha kabini kinachoiiga. Tunaweza kukaribia.

Kazi kubwa ifanyike nyumbani. Twanga punje kumi za iliki, na ganda lake, ziwe unga, pamoja na kipande cha tangawizi kavu cha ukubwa wa ncha ya kidole. Changanya na gramu 40 za kahawa iliyokaangwa nyeusi na kusagwa laini kabisa. Funga kwenye kifuko. Hiyo ni dozi moja ya nusu lita, na tengeneza moja kwa kila siku ya safari. Usichanganye zote kwenye kopo moja, maana tangawizi inazama chini na vikombe vya siku ya mwisho vitawasha koo.

Melini, pasha chupa ya chai, tia kifuko kizima, jaza maji ya baa ya kahawa, funga, pindua mara mbili, laza kwa dakika 20. Chupa hapa ndiyo jiko, inashika joto muda wa kutosha iliki kufunguka. Kisha isimamishe dakika tano, unga utue, mimina taratibu kupitia chujio la kitambaa. Usitikise tena. Kahawa ya Kiarabu ile nyepesi ya rangi ya dhahabu haitafaulu kwa njia hii, kwa sababu ukaangaji wake mdogo unadai moto. Chagua nyeusi ya mtindo wa Lamu na Unguja. Tende utazipata kwenye bafe. Kashata beba mwenyewe.

*Kuna njia isiyohitaji maji ya moto kabisa? — Msomaji, Toronto*

Ipo, na kwa mvivu ni bora kuliko zote. Kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chumvi ya mawe, gramu 75, kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Maji ya chupa mililita 600. Tikisa, weka kwenye friji saa kumi na mbili jioni, chuja saa nne asubuhi. Friji za kabini nyingi hupoza tu, hazifikii ubaridi wa friji ya jikoni, lakini kwa kahawa hilo halidhuru. Unachopata ni kizito: changanya nusu kwa nusu na maji au maziwa, ongeza barafu ambayo mhudumu wa chumba anajaza kwenye ndoo. Inakaa siku tatu.

Tahadhari: baadhi ya friji za vinywaji vya kulipia zina vihisio. Ukiinua soda kupata nafasi, unatozwa. Mwombe mhudumu aziondoe zote siku ya kwanza, hiyo ni kazi ya kawaida kwake.

*Nikiagiza kahawa iletwe chumbani inafika imepoa. — Msomaji, Kigali*

Kadi ya kuning'iniza mlangoni ina nafasi ya maelezo ambayo watu hawaitumii. Andika: "kahawa kwenye chupa ya kuhifadhi joto, vikombe viwili, maziwa ya kawaida." Chagua nafasi ya mapema zaidi ya muda wako, kwa mfano saa 12:00–12:30 asubuhi na siyo 1:30–2:00, kwa sababu baadaye ndipo vyumba vyote vinaagiza na trei yako inazunguka madaraja matatu kabla ya kwako. Kahawa yenyewe imepikwa kwa mapipa, usitegemee miujiza. Aliyeleta mpe dola moja au mbili, kesho atakukumbuka.

*Swali fupi: machicha ya kahawa nitupe wapi? Na kahawa inapita uwanja wa ndege? — Msomaji, Dar es Salaam*

Kwenye pipa, ndani ya karatasi iliyofungwa. Si kwenye sinki, na kamwe si chooni. Choo cha meli kinavuta kwa hewa kupitia mabomba membamba yanayounganisha vyumba vingi. Ukiziba, umeziba na majirani, na fundi akija atajua ilianzia wapi.

Uwanja wa ndege: unga wowote unaozidi mililita 350 kwenye mzigo wa mkononi unaweza kufunguliwa na kukaguliwa ukielekea Marekani, basi weka kwenye sanduku. Kahawa iliyokaangwa inaruhusiwa kuingia huko, na ukiulizwa kwenye fomu, itaje. Kwa wiki moja ya vikombe viwili kwa siku unahitaji gramu 224, yaani pakiti ya robo kilo na ziada ya kumwagika. Pima gramu 16 kwenye vifuko nyumbani, kwa sababu mizani ya jikoni inayumba pamoja na meli na kukupa namba za uongo.

Na kama vyote hivi vinakuchosha, kopo la Africafé, kahawa ya unga ya kukoroga tu kutoka Bukoba, halina aibu. Inayeyuka hata kwa maji ya nyuzi 75, kijiko cha chai kilichojaa kwa kikombe. Funga kopo kila mara. Hewa ya bahari ikiingia, siku ya nne utakuwa unachimba kwa uma.