Mlima kwanza, maji baadaye, mbege mwisho: kwa vijana wanaoanza kuongoza wageni wa siku moja Moshi

Ofisi nyingi za utalii hapa Moshi humpa kijana aliyetoka chuoni ziara za siku moja kabla hajaaminiwa na kundi la kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengi huzipokea kama kazi ya kupitishia muda: wapeleke wageni Materuni au Marangu, waone maporomoko, watwange kahawa, waonje mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, jioni mrudi. Ninakuomba uiheshimu kazi hii kuliko hivyo. Mlimani, siku moja ikienda vibaya, kesho yake ipo ya kurekebisha. Ziara ya siku moja haina kesho. Kilichoharibika saa nne asubuhi mgeni anaondoka nacho hadi kwao.

Nitakachokuambia kinahusu zaidi mpangilio. Mlima una saa yake, maji yana saa yake, na kinywaji kina saa yake. Saa hizo hazipangwi na ofisi.

Anza na mlima. Usiku hewa ya juu hupoa na kutulia, ndiyo maana alfajiri Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima, huonekana kweupe kuanzia kileleni hadi msituni. Jua likishapasha mashamba joto, hewa yenye unyevu hupanda, na ikifika juu inageuka wingu. Siku nyingi kufikia saa nne asubuhi kilele kimeshafunikwa, na kikifunguka tena ni jioni jua likielekea kuzama. Kwa hiyo ratiba inayosema "kuondoka hotelini saa tatu" imeshamnyima mgeni mlima kabla hajapanda gari. Ondokeni saa moja. Waombe hoteli wawafungie kifungua kinywa, na dereva awe amejaza mafuta tangu jana yake. Tafuta mahali pa wazi kabla hamjaingia kwenye migomba, shusheni miguu, waache watazame kwa utulivu.

Masika, yaani Machi hadi Mei, na ile miezi ya baridi ya Juni na Julai, wingu linaweza kukaa upande wetu kutwa nzima. Waambie wageni hivyo jioni iliyotangulia. Usimwahidi mtu kilele. Mgeni aliyeambiwa ukweli mapema hufurahia hata ukungu, lakini aliyeahidiwa theluji atakesha dirishani akikulaumu.

Mlima ukiwa wazi, usimwage kila unachokijua. Waonyeshe Kibo kushoto, mita 5,895, na Mawenzi, kilele cha pili, kulia, mita 5,149, wenye meno meno. Kisha chagua hadithi moja na uisimulie vizuri. Unaweza kuanza na Johannes Rebmann, mmisionari aliyeona theluji tarehe 11 Mei 1848 akaandika alichokiona, na wasomi wa Ulaya wakabisha kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na Ikweta. Unaweza kusimulia Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, na jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu linalokumbukwa hadi leo miongoni mwa waongozaji wa safari ile. Au usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge. Mgeni akiuliza mbona theluji ni kidogo kuliko kwenye picha, mjibu bila kuzunguka: tangu 1912 barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kuna hadithi moja ninayotaka tuiache, nayo ni ile ya Malkia Victoria wa Uingereza kumzawadia mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, mlima huu siku ya kuzaliwa. Inachekesha na wageni wanaipenda, lakini haikutokea. Mpaka ulioacha mlima upande wa Wajerumani uliwekwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wenyewe wakiwa mbali na bila kumuuliza mtu yeyote aliyeishi hapa. Hiyo ya kweli ina uzito zaidi ukiisimulia ukiwa umesimama kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mtu ambaye mababu zake walikuwa na Mangi, yaani chifu, wao.

Sasa maji. Materuni ipo Uru, takribani kilomita 15 kutoka mjini, na barabara inapanda karibu njia nzima. Kutoka mnapoacha gari ni mwendo wa kama dakika 45 hadi saa moja, kutegemea magoti ya kundi lako. Njia hiyo ndiyo nusu ya ziara, ingawa waongozaji wengi huipita mbio ili wafike kwenye picha. Pita taratibu. Onyesha jinsi kihamba kilivyopangwa: juu mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani, analetewa majani na mashina ya migomba, na samadi yake inarudi shambani. Onyesha mfongo, mfereji unaoshusha maji kutoka mtoni, uliochimbwa na wazee kwa majembe na kutunzwa kwa zamu za ukoo. Mgeni akishaelewa mfongo, akifika kwenye maporomoko anaona kitu kingine kabisa: anaona maji ambayo watu wanayaishi.

Maporomoko yenyewe yana urefu wa takribani mita 80, na chini yake kuna bwawa la maji baridi kweli kweli. Hapa uwe mkali. Mtu asisimame wima chini ya maji yanapoangukia, kwa sababu mawe na vipande vya miti hushuka pamoja nayo. Mawe ya pembeni yana utelezi hata siku ya jua, kwa hiyo anayetaka kuingia aingie kwa kuketi na kujisogeza, viatu miguuni. Na jambo ninalotaka ulishike kuliko yote kuhusu maji: mvua inayokuua hainyeshi ulipo. Inanyesha juu msituni, wewe huku chini una jua. Tazama rangi ya maji. Yakianza kugeuka udongo, yakaanza kuleta majani mabichi na vijiti, au sauti ikawa nzito kuliko ulivyoikuta, watoe watu wote mara moja na mpande juu ya kingo. Usisubiri uhakika. Ukiwatoa bure, mmepoteza robo saa tu.

Vuli na masika, siafu huvuka njia. Waambie wageni wachomeke suruali ndani ya soksi kabla hamjaanza kutembea, si baada ya mmoja kupiga kelele. Fimbo moja ya mwanzi kwa kila mtu itawasaidia kushuka kuliko kupanda.

Kama una wazee au watoto wadogo, usiwalazimishe Materuni. Wapeleke Marangu. Maporomoko ya Kinukamori yapo karibu na barabara na yana ngazi, na ya Ndoro na Kilasiya hayapo mbali. Pale Kinukamori kuna simulizi ya Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa akaenda kwenye maporomoko kwa huzuni, akabadili nia, na alipogeuka akakutana na chui. Isimulie kwa staha, maana kwenye kundi lako anaweza kuwepo mzazi wa binti wa umri huo. Kumbuka pia kwamba maporomoko ya vijijini yako nje ya hifadhi na kiingilio chake kinakwenda kijijini. Mgeni akitaka kuongeza matembezi hadi kituo cha Mandara mlimani, mita 2,720, hapo mmeingia Hifadhi ya Taifa, ada ni nyingine na ziara ni nyingine. Usimkubalie njiani kitu ambacho ofisi haikulipia.

Mkirudi kutoka majini, watu wana njaa na baadhi wanatetemeka. Chakula kiwe tayari. Mtori wa moto kwanza, kisha ndizi nyama na mboga za majani. Uliza mapema asiyekula nyama, maana mtori wenye mchuzi wa mifupa hauwi wa mboga kwa kuondoa vipande.

Kahawa ifuate chakula, kwa sababu ina kazi ya mikono inayorudisha joto mwilini. Wageni wakione kikonyo chenye punje nyekundu, waone mashine ndogo ya kumenyea, waelezwe kwamba punje hulowekwa na kuchacha, zikaoshwa, zikaanikwa juani. Halafu kinu na mchi, ungo wa kupepeta, chungu kwenye moto. Nyimbo za kutwangia ni nzuri, zipigwe, ila usizigeuze kelele ya kuficha kwamba hujui kueleza. Taja ushirika. KNCU, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, cha mwaka 1933 ni miongoni mwa vyama vya ushirika vya zamani zaidi Afrika, na kahawa hii ya arabika ndiyo iliyolipa karo za watoto wengi wa Kilimanjaro. Mgeni atakuuliza mkulima anapata shilingi ngapi kwa kilo. Ulizia bei ya msimu huo kwa mwenye shamba kabla ya ziara, ujibu kwa tarakimu.

Mwisho ndiyo mbege, na hapa nitakaa kidogo.

Baadhi ya wageni wamewahi kutembelea mashamba ya mvinyo, Stellenbosch ya Afrika Kusini au Ufaransa, na wanakuja wakitegemea glasi nyembamba na maelezo ya ladha. Mvinyo wa zabibu tunao nchini, lakini zabibu zake ni za Dodoma, mbali na huku. Mlimani kinywaji ni mbege, na ina ufundi wake unaostahili maelezo ya makini vilevile. Ndizi mbivu huchemshwa muda mrefu hadi zigeuke wekundu wa kahawia, zikaachwa zichache siku kadhaa, kisha zikachujwa. Pembeni, ulezi uliooteshwa na kukaushwa husagwa na kupikwa uji. Gome la mti wa msesewe ndilo linaloleta uchungu. Vyote vikichanganywa na kulala, kinywaji kiko tayari, na hakidumu: siku inayofuata kimeanza kuwa kikali na kichachu. Kwa sababu hiyo swali la kumpigia mama mwenyeji, siku tatu au nne kabla, ni moja: "Mama, utakuwa na mbege ya lini?" Kama atakuwa nayo ya juzi, panga nyumba nyingine au ubadilishe siku. Wageni wengi hawajui tofauti, lakini tumbo lao litaijua usiku.

Siku yenyewe, mwache mama awe mbele. Wewe ni mkalimani tu. Yeye ndiye anayekoroga, maana ulezi hutuama chini na ile ya juu peke yake ni maji maji. Yeye au mzee wa nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, kuonyesha kwamba ni salama, kisha kata, yaani kibuyu cha kunywea, inazunguka kuanzia kwa mkubwa wa umri. Waelekeze wageni wapokee kwa mikono miwili na waketi. Vipande vya ulezi vinavyoelea juu baada ya kukoroga huwashangaza, kwa hiyo vielezee kabla hawajavitazama kwa wasiwasi. Asiyekula ngano kwa sababu za kiafya mwambie ulezi si ngano, lakini hakikisha na mama kama hakuchanganya nafaka nyingine. Weka kiasi kidogo. Mbege inashibisha kama uji, na mgeni aliyeshiba ndizi nyama hawezi kumaliza kata nzima, na kumwaga mbele ya aliyeipika ni aibu.

Asiyekunywa pombe, awe Mwislamu, mlokole au mtu aliyeacha pombe, asijikute anakataa mbele za watu. Uliza kwenye ujumbe wa jioni iliyotangulia, na mwombe mama amwandalie juisi au kahawa yake, apewe wakati uleule na kwa heshima ileile. Wanaoanza kupanda mlima kesho waonje tu, wanywe maji mengi. Mtu akikuletea gongo kwenye chupa ya soda kwa ajili ya wageni "wachangamke", rudisha. Ni haramu kisheria na hujui ilikopikwa.

Na mbege isitangulie maji. Utashawishiwa: nyumba ya mama iko njiani, wageni wamechoka, kwa nini wasionje sasa? Njia ya kushuka bondeni ina utelezi, na mtu aliyekunywa hupuuza mguu wake.

Kama mtapita kilabuni, ingia kwanza peke yako usalimie, useme unakuja na nani. Wazee pale wamepumzika baada ya kazi, na hawakukubali kupigwa picha kwa kukaa kwao tu. Jifunze salamu ya kijiji husika, kwani ya Machame si ya Uru, na ya Uru si ya Rombo. Hata kama wewe mwenyewe ni Mchaga, usijifanye unajua kila bonde.

Fedha: mlipe mama siku hiyohiyo, mkononi, kiasi mlichokubaliana, kabla hujafungua mlango wa gari. Ofisi ikisema italipa mwisho wa mwezi, waeleze kwamba ndizi na kuni alizinunua wiki iliyopita. Tipu ya wageni ikitolewa kwa kundi zima, igawe mbele ya dereva.

Mkirudi mjini, kama wageni wako wanaanza mlima kesho, mpigie kiongozi atakayewapokea. Mwambie nani goti lilimsumbua kwenye mteremko, nani hakula, nani alitembea haraka mno akaishiwa pumzi, nani alisema ana pumu baada ya kuandika kwenye fomu kwamba hana. Umetembea nao kutwa nzima na umeona mambo ambayo fomu haikuyaonyesha.