Ushuru wa gari la umeme: piga hesabu kabla ya kutuma pesa Japani

Ndugu mmoja wa Kisauni ameniandikia juzi. Ameona Nissan Leaf kwenye mnada wa Japani, bei imempendeza, na kuna mtu amemhakikishia kwamba Kenya gari la umeme halilipi ushuru. Anauliza: nitume pesa? Ndugu yangu, ngoja kwanza. Maneno hayo yameponza watu wengi, nami huniuma kila nikiyasikia, maana hesabu yenyewe haichukui hata dakika tano.

Punguzo lipo, ila limekaa kwenye ushuru wa bidhaa (excise). Sheria ya Fedha ya 2019 iliuteremsha hadi asilimia 10 kwa gari linaloendeshwa na umeme mtupu. Gari la petroli la injini ndogo hulipa 20, na likipita cc 1500 hulipa 25 au zaidi. Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na betri pamoja, haimo kwenye punguzo hilo, hata muuzaji akikuapia. Kodi nyingine bado zipo. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha wa magari kwa kawaida ni asilimia 35 (muulize ajenti wa forodha kiwango cha gari la umeme), VAT ni 16, ada ya tamko la uagizaji ni 2.5 na ada ya reli ni 2.

Kodi hizi hupandana mgongoni. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha, kisha VAT huja juu ya jumla hiyo yote. Chukua gari ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi 1,000,000. Kwa kiwango hicho cha 35, ushuru wa forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 ya 1,350,000, yaani 135,000. VAT ni asilimia 16 ya 1,485,000, yaani 237,600. Ongeza 25,000 na 20,000 za zile ada mbili, jumla inafika 767,600. Gari la petroli la thamani hiyo hiyo, injini ndogo, lingelipa 924,200. Kwa hiyo serikali imekuachia 156,600. Si haba, lakini anayeamini kwamba halipi chochote atafika Mombasa amepungukiwa na laki saba na ushee, huku gharama za kuhifadhi gari bandarini zikipanda kila siku.

Tena ile milioni moja si bei uliyonunulia. Mamlaka ya Mapato haianzi na risiti yako ya mnada. Ina orodha yake ya bei za rejareja za magari yakiwa mapya, na kutoka hapo hupunguza uchakavu kwa umri wa gari hadi ifikie thamani ya forodha. Orodha hiyo ilibadilishwa Julai 2025, kwa hiyo hesabu aliyopigiwa rafiki yako miaka miwili iliyopita haikufai. Mwambie ajenti akutafutie modeli yako kamili, kwa ukubwa wa betri na namba ya modeli, akuandikie hesabu nzima mstari kwa mstari. Ajenti anayekutajia jumla tu bila mistari, muache. Leaf ya betri ya kWh 40 na ile ya betri ya kWh 62 ni modeli mbili, na kosa la mstari mmoja hapo hula punguzo lote.

Halafu kuna umri. Sheria inayokataza kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, ambayo msingi wake ni kuzuia magari mabovu yenye moshi, hailihurumii gari lisilo na moshi. Kwa 2026 gari liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kinachotazamwa ni siku linapofika, si siku uliyolipa. Ukinunua Novemba gari la mwaka wa mwisho unaokubaliwa, meli ikachelewa ikatia nanga Januari, umekwama. Mimi nasema kuanzia Septemba usiguse kabisa gari la mwaka wa mwisho. Pia hakikisha limekaguliwa Japani na lina cheti cha ukaguzi kabla halijapakiwa melini.

Sasa betri, maana hapa ndipo laki na nusu ya serikali inaweza kuyeyuka yote. Leaf hizi za kWh 40 na 62 hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto ndilo linaloila. Kwenye dashibodi, upande wa kulia wa kipimo cha chaji, kuna vipande vidogo 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, kwa hiyo vipande 12 vinaweza kuwa na maana ya betri mpya au ya asilimia 86. Vinavyofuata hupotea kila asilimia sita hivi. Na kuna wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vipande vyote virudi kwa muda. Usiridhike na picha ya dashibodi peke yake. Omba picha ya LeafSpy, programu ya simu inayosoma betri ya Leaf, inayoonyesha asilimia ya afya, kilomita na namba ya chasisi. Chini ya asilimia 80, shusha bei au achana nalo.

Angalia na mdomo wa kuchajia. Leaf ya Japani ina Type 1 kwa chaji ya polepole na CHAdeMO kwa chaji ya haraka, wakati Kenya utakutana zaidi na Type 2 na CCS2. Utahitaji kebo ya Type 2 kwenda Type 1, basi iingize kwenye bajeti. Nyumbani, usichaji kwa ekstenshoni iliyoviringwa. Inapasha joto, plagi inabadilika rangi kuwa kahawia kuzunguka pini, kisha inayeyuka. Fundi akuvutie waya wake peke yake wa milimita 6 toka kwenye bodi, wenye swichi ya kukata umeme ukivuja, na apime athi, ule waya unaopeleka umeme ardhini. Athi ikiwa mbovu, chaja nyingi huwasha taa nyekundu na kukataa kabisa.

Kuhusu tarifa, yaani bei maalumu ya umeme, ya magari ya umeme iliyoidhinishwa 2023, shilingi 16 kwa yuniti na 8 usiku kabla ya tozo nyingine, soma masharti: ni ya matumizi yanayozidi yuniti 200 kwa mwezi. Gari moja la kilomita 1,000 kwa mwezi hula kama yuniti 180. Hufikii hizo 200. Utabaki kwenye tarifa ya nyumbani, na wastani wako wa miezi mitatu ukipita yuniti 100 kwa mwezi, bei ya juu inashika yuniti zako zote, hata za friji na taa. Mwenye magari mawili, au teksi inayokwenda kutwa, ndiye anayefaa kuomba mita ya pili.

Kwa hiyo, ndugu wa Kisauni, leo muombe muuzaji picha ya LeafSpy, picha ya mdomo wa kuchajia ukiwa wazi, na picha ya kebo ndani ya buti. Siku ya kulichukua bandarini beba waya za jampa, kwa sababu ile betri ndogo ya volti 12 hulala wakati wa safari, na ikilala gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.