Maswali na Majibu: Pikapu za Mtindo wa Zamani kwa Gitaa la Besi

SWALI: Mhariri, ninapiga besi katika bendi ya benga hapa Nairobi. Gitaa langu ni nakala ya bei nafuu ya Precision, besi ya kampuni ya Fender. Sauti yake ni nzito lakini imefifia, na ninapopiga haraka noti zinagandana. Nimeshauriwa kuagiza pikapu za mtindo wa miaka ya 1960 kutoka Marekani. Je, zitanipa mlio wa benga ya zamani? — Mpiga besi, Kariobangi

JIBU: Ndugu msomaji, huenda zikakusaidia, lakini si kitu cha kwanza cha kugharimia. Pikapu hugeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Uzi ukiwa umechoka, pikapu ya bei ghali itautangaza uchovu huo kwa uaminifu. Anza na nyuzi mpya. Ukitaka mlio wa zamani hasa, jaribu zile zilizozungushiwa utepe bapa, kwa kuwa noti zake hutoka mviringo na hunyamaza mapema, jambo linaloifaa benga, ambamo besi hujibizana na gitaa la solo badala ya kulisindikiza tu. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi za aina hiyo.

Kisha tazama kimo cha pikapu. Bonyeza uzi kwenye kizuizi cha mwisho cha shingo, upime nafasi iliyobaki kati yake na sumaku: milimita 3 hivi upande wa uzi mnene, na kasoro kidogo upande wa uzi mwembamba, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wengi huinua pikapu wakitafuta nguvu, na sumaku zikikaribia mno huuvuta uzi, noti ikatoka imepinda.

Sasa tuje kwenye pikapu yenyewe. Precision ya mwaka 1951 ilikuwa na koili moja, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kwenye sumaku. Mwaka 1957 Fender iliigawa mara mbili, kila nusu ikihudumia nyuzi mbili, na hizo nusu zikapewa sumaku na mizunguko iliyopingana ili mvumo wa umeme ujifute huku sauti ya nyuzi ikibaki. Pikapu ya mtindo huo huwa na vijiti vya sumaku ya alniko (mchanganyiko wa metali), viwili kwa kila uzi, na waya mwembamba wa shaba wa namba 42, na ukinzani wake wa umeme kwa kawaida ni kilo-omu 10 hadi 11. Pikapu nyingi za bei nafuu hutumia kipande cha sumaku ya kauri kilichobandikwa chini ya vijiti vya chuma. Kauri si mbaya kwa asili yake. Tatizo huja pale mtengenezaji anapoongeza mizunguko ili pikapu itoe sauti kubwa zaidi, kwa sababu kila mzunguko unaoongezwa hupunguza sauti za juu, na hizo ndizo zinazomwezesha msikilizaji kutenganisha noti zinazofuatana upesi. Maelezo hayo yanalingana na malalamiko yako.

Kwa hiyo mpelekee fundi gitaa hilo. Luthuli Avenue hakosekani mwenye multimita, kifaa cha kupimia umeme. Kipimo cha ukinzani kikizidi sana kilo-omu 11, pikapu ya mtindo wa zamani itakupa uwazi unaoutafuta, ingawa waya mwembamba zaidi nao hupandisha kipimo, kwa hiyo usikitumie peke yake kama hukumu. Mwombe pia akague vidhibiti vya sauti, vinavyopaswa kuwa vya kilo-omu 250, pamoja na kapasita ya toni, ambayo kwa kawaida ni ya mikrofaradi 0.047. Nimeona watu wakinunua pikapu ilhali kilichoharibika ni kidhibiti cha bei ndogo, na jambo hilo hunisikitisha.

SWALI: Ninapiga besi ya aina ya Jazz, ile ya Fender yenye pikapu mbili, kanisani. Nikipunguza sauti ya pikapu moja, mvumo unaanza. Je, pikapu za zamani zitauondoa? — Msomaji, Umoja

JIBU: Hapana, za koili moja hazitauondoa. Koili mbili za Jazz hufutiana mvumo zinapokuwa na sauti sawa tu. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye uzi mnene hutetema mara 49, kwa hiyo ukiukata mvumo kwenye mikisa unaikata besi yenyewe. Tafuta pikapu zenye umbo lilelile la Jazz lakini zenye koili mbili ndani ya kifuniko kimoja. Lakini ukirushwa na umeme unapogusa maikrofoni, acha kupiga na uite fundi wa umeme siku hiyohiyo, kwa maana hilo ni suala la uhai.

SWALI: Je, pikapu yoyote ya Jazz itaingia kwenye gitaa langu? — Msomaji, Ngara

JIBU: Pima kwanza. Kwa kawaida ya shingoni ina urefu wa milimita 92 na ya upande wa daraja milimita 95, lakini nakala kadhaa hutumia mbili zenye urefu sawa, na kuchonga mbao ili kulazimisha pikapu iingie hakurekebishiki.