"Firedamp" si unyevu

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Chake Chake, natafsiri kijitabu cha usalama cha wachimbaji wa makaa ya mawe. Neno "firedamp" limenishinda. Kamusi inasema "damp" ni unyevu, nami nimeandika "unyevu wa moto". Nimepatia?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hujapatia, na nakuomba ulibadilishe kabla kijitabu hakijapigwa chapa. Mchimbaji akisoma "unyevu" atatazama maji miguuni pake, na hatari yenyewe iko juu, imejikusanya darini.

"Damp" hiyo ina asili moja na neno la Kijerumani na Kiholanzi lenye maana ya mvuke. Wachimbaji wa Uingereza waliita hivyo kila hewa mbaya ya mgodini. "Firedamp" ni gesi inayotoka kwenye makaa ya mawe yenyewe, na sehemu yake kubwa ni methani, isiyo na rangi wala harufu. Ikifika baina ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha kulipua. Mwaka 1815 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliizungushia taa ya wachimbaji wavu wa waya mwembamba; wavu hunyonya joto, moto usitoke nje. Gesi ikiwapo, mwali hurefuka na juu yake huonekana kofia hafifu ya buluu. Wachimbaji waliitazama kofia hiyo kwa makini, maana ndiyo iliyowaambia watoke.

Mimi ningeandika "gesi lipuzi ya mgodini", na inapotajwa mara ya kwanza niongeze "yaani hasa methani".

Utakutana na nduguze pia, na hapo usitafsiri rangi. "Blackdamp" ni hewa iliyoishiwa oksijeni, ikabaki naitrojeni na hewa ukaa. Hulala chini na kuzima taa. Hewa ya namna hiyo yaweza kumzidi hata mtu anayeshuka kisima kirefu kilichofunikwa siku nyingi. "Whitedamp" ni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na hiyo tunayo majumbani: ingiza seredani chumbani, makaa yamekolea, kisha funga madirisha. Tafadhali usijaribu. "Afterdamp" ni mchanganyiko wa gesi unaobaki baada ya mlipuko, uliowaua wengi waliokwisha kunusurika na mlipuko wenyewe. Andika "gesi sumu ya baada ya mlipuko". Ni refu, lakini linaeleweka.

Na jengine: sisi Wapemba na Waunguja tukisema "makaa" tu, msomaji huona makaa ya seredani. Kila ukurasa andika "makaa ya mawe" kwa ukamilifu.