Makala ya maktaba iliyofutwa Wikipedia

Salaam, ndugu mkutubi. Umeuliza kwa nini makala ya historia ya mji wenu, mliyoiweka kwenye Wikipedia ya Kiswahili, imefutwa ilhali yote mliyoandika ni kweli. Kwanza angalieni kama maneno yalinakiliwa kutoka kwenye kijitabu chenu, kwani maandishi yaliyochapishwa kwingine bila leseni huria, yaani ruhusa ya wazi ya kila mtu kuyatumia na kuyabadilisha, huondolewa, hata aliyeyapakia akiwa ndiye mwenyewe. Yaandikeni upya.

Pili, vyanzo, na hapa maktaba ina utajiri ambao wengine hawana: kitabu cha zamani kisichopatikana mtandaoni kinakubalika kabisa, mradi mtaje mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Sisi tulianza kwa kuongeza marejeo kwenye makala zilizokuwapo, kama inavyohimiza kampeni ya #1Lib1Ref (mkutubi mmoja, rejeo moja) tangu 2016, na naona ndiyo njia bora ya kujifunza.

Masimulizi ya wazee yasiyochapishwa popote msiyapeleke huko. Yafungulieni wiki ya maktaba yenyewe, yaani tovuti ambayo watu wengi huihariri pamoja, kwa MediaWiki, programu ya bure inayoendesha Wikipedia, mkiandika, kwa idhini ya msimulizi, jina lake na tarehe ya mazungumzo.